Shaka Ije Kwanza, Upekuzi Baadaye

Katika rasimu za sheria ambazo serikali za Umoja wa Ulaya zimekuwa zikijadiliana tangu mwaka 2022, kuna kifungu kifupi ambacho kila mwenye simu angepaswa kukisoma. Rasimu zenyewe zilizitaka programu za ujumbe zikague picha, video na viungo vinavyotumwa na watumiaji wake, ili kunasa picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto. Kifungu hicho kilionekana katika maandishi ya Ubelgiji ilipokuwa mwenyekiti wa Baraza la Umoja wa Ulaya, wanakokutana mawaziri wa nchi wanachama, mwaka 2024, kikarudi katika maandishi ya Denmark mwaka 2025. Kinaziondoa kwenye ukaguzi akaunti zinazotumiwa na dola kwa ajili ya usalama wa taifa, kulinda sheria na utulivu, na shughuli za kijeshi. Sababu iliyotolewa ni kulinda taarifa za siri.

Nimekirudia kifungu hiki mara nyingi kwa sababu kinakiri jambo ambalo hotuba za mawaziri hazikulikiri. Waliokiandika walijua kwamba simu inayokagua yaliyomo ndani yake si mahali salama pa kuweka siri. Kama kweli wangeamini kwamba teknolojia hiyo haigusi usiri wa mawasiliano, wasingehitaji kuwakinga polisi na wanajeshi wao. Lakini daktari naye ana siri. Wakili ana siri, mwandishi wa habari ana siri, na mwanamke anayepanga kumkimbia mume anayempiga ana siri ambayo ikivuja inaweza kumgharimu uhai. Hao hawakutajwa.

Uhalifu unaozungumzwa hapa ni wa kweli na ni mchafu. Kituo cha Marekani kinachopokea taarifa za watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC, kilipokea taarifa zaidi ya milioni 36 mwaka 2023, karibu zote zikitoka kwa kampuni za mtandao. Nyuma ya picha ya namna hiyo kuna mtoto aliyeumizwa, na kila inaposambazwa upya jeraha lake linatoneshwa. Mtu anayetetea faragha bila kuwa na la kusema kuhusu mtoto huyo hajamaliza hoja yake, na wanaotaka upekuzi wanajua sana kulitumia pengo hilo. Nami sitaki kuliacha wazi, nitalifikia.

Pendekezo la sheria hii liliwasilishwa tarehe 11 Mei 2022 na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, chini ya Kamishna wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ylva Johansson. Wapinzani, akiwamo mbunge wa Ulaya kutoka Ujerumani Patrick Breyer, wakaliita udhibiti wa mazungumzo, na jina hilo likashika. Katika maandishi ya awali, mahakama au mamlaka huru ingeweza kuipa kampuni amri ya kukagua huduma yake kwa muda wa hadi miezi 24 kutafuta picha, na hadi miezi 12 kutafuta mazungumzo ya watu wazima wanaowarubuni watoto. Kutajwa kwa mahakama kunatuliza moyo, mpaka uangalie amri yenyewe inamlenga nani. Inailenga huduma. Kila aliyemo ndani ya huduma hiyo anakaguliwa, awe na hatia au hana, awe anajulikana kwa polisi au hajulikani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na pendekezo hili tangu mzizi wake, kabla hata ya kufika kwenye teknolojia. Katika nchi inayoheshimu sheria, upekuzi una mpangilio unaoeleweka hata na asiyesomea sheria. Kwanza inakuwapo shaka juu ya mtu fulani, kwa sababu fulani. Polisi anaipeleka sababu hiyo kwa hakimu. Hakimu akiridhika, anatoa hati inayotaja nani apekuliwe, wapi, na kitafutwe nini. Amri ya kukagua huduma nzima inaupindua mpangilio huo. Upekuzi unaanza kwa watu wote, kisha shaka inatafutwa humo humo ndani ya mali zao. Anayepekuliwa hajafanya lolote isipokuwa kutumia programu ambayo mhalifu asiyejulikana huenda naye anaitumia.

Sheria ya Marekani, nchi ambako ndiko taarifa nyingi za aina hii zinakopitia, inazilazimisha kampuni kuripoti picha hizo zikizigundua, lakini inaeleza wazi kwamba haizilazimishi kuzitafuta. Serikali ikiiamuru kampuni ipekue, kampuni inakuwa mkono wa serikali, na katiba ya nchi hiyo hairuhusu mkono wa serikali kupekua bila sababu. Ushahidi uliopatikana hivyo unaweza kutupwa mahakamani na mhalifu wa kweli akaachiwa. Wanaosema kwamba upekuzi wa wote ndiyo njia ya uhakika ya kuwafunga wahalifu wangelitafakari hilo.

Sasa teknolojia. Kuna mambo matatu yanayotafutwa, na hayalingani hata kidogo. La kwanza ni picha ambazo polisi tayari wanazo. Kila moja inageuzwa kuwa alama ya kidijitali, mfuatano wa tarakimu, na mashine inalinganisha alama hizo na za picha zinazotumwa. Mfumo maarufu wa namna hiyo, PhotoDNA, ulitengenezwa mwaka 2009 na Microsoft pamoja na Profesa Hany Farid, na umesaidia katika kesi nyingi. La pili ni picha mpya ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Hapo hakuna cha kulinganisha, kwa hiyo programu ya akili mnemba inabashiri: je, huyu ni mtoto, yuko uchi, na picha imepigwa kwa nia gani? La tatu ni maandishi yenyewe, ambapo mashine inasoma mazungumzo na kubashiri kama mmoja ni mtu mzima anayemrubuni mtoto. Ukisikia mtetezi wa sheria akijivunia usahihi, muulize anazungumzia lipi kati ya hayo. Mara nyingi sifa za la kwanza hutumika kuyapitisha mawili yaliyobaki.

Kwenye barua pepe nyingi na hifadhi za mtandaoni, ukaguzi unaweza kufanyika kwenye seva za kampuni. Kwenye programu za ujumbe kama Signal na WhatsApp haiwezekani, kwa sababu ujumbe unasimbwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji peke yake. Huo ndio usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Kampuni inapitisha mrundikano wa herufi usiosomeka hata kwa wafanyakazi wake. Ili kuitii amri, ingebidi imweke mkaguzi ndani ya simu ya kila mtumiaji, auangalie ujumbe kabla haujasimbwa.

Kutokana na hilo ikazaliwa hoja inayorudiwa katika kila kikao: kwamba usimbaji fiche haujaguswa. Ni kweli kwa namna ileile ambayo mtu anaweza kuapa kwamba bahasha yako haikufunguliwa njiani, ilhali askari alisimama nyuma ya bega lako ulipokuwa ukiiandika barua. Usimbaji fiche ulibuniwa ili watu wawili wazungumze bila wa tatu. Wa tatu akishakuwapo, ugumu wa hesabu zinazoufunga ujumbe haumsaidii mtu.

Apple ililijaribu jambo hili. Agosti 2021 ilitangaza mfumo wa kukagua, ndani ya simu, picha zinazopelekwa kwenye hifadhi yake ya iCloud. Haikupita zaidi ya wiki mbili hivi, watafiti wakawa wametengeneza picha mbili zisizofanana kabisa ambazo mfumo huo uliziona kuwa moja. Oktoba mwaka huo wataalamu 14 wa usalama wa kompyuta, wakiwamo Whitfield Diffie na Ronald Rivest, watu ambao kazi zao ziko kwenye misingi ya usimbaji fiche wa kisasa, walichapisha uchambuzi mrefu wakieleza kwa nini ukaguzi ndani ya kifaa unahatarisha usalama wa kila mtu bila kuhakikisha kwamba wahalifu watanaswa. Apple iliusimamisha mradi Septemba 2021 na kuuacha kabisa Desemba 2022. Baadaye ikaeleza kwamba kukagua kitu kimoja kunafungua mlango wa kukagua kila kitu. Hii ni kampuni yenye fedha na wahandisi wa kutosha, ambayo yenyewe ndiyo iliyoutaka mfumo huo. Sheria inayoziagiza kampuni ndogo zitengeneze kile ambacho Apple ilikishindwa na kukikataa ina deni la maelezo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme kwa siku moja huduma moja inapitisha picha bilioni 1, na kati ya hizo 10,000 ni za uhalifu. Tuseme mashine inazinasa zote 10,000, jambo ambalo hakuna mashine inayoliweza, na kwamba inakosea mara moja tu katika kila picha 1,000 halali. Ni mashine nzuri sana. Hata hivyo, kila siku itawaelekezea polisi picha karibu milioni 1 za watu wasio na hatia. Kwa kila picha ya uhalifu, mpelelezi atapitia picha 100 za watoto wakioga, za wapenzi, za ufukweni, za vipimo vya hospitali. Anayezipitia ni mtu mwenye macho. Picha ambayo mama alimtumia bibi wa mtoto itakuwa imetazamwa na mgeni ofisini, na mama hatajua kamwe.

Uzoefu wa polisi unaonyesha kwamba hesabu hii haiko mbali na hali halisi, hata pale ambapo ukaguzi ni wa hiari na bado haujalazimishwa kwenye ujumbe uliosimbwa. Ofisi ya Shirikisho ya Upelelezi wa Jinai ya Ujerumani, BKA, mwaka 2024 ilipokea kutoka NCMEC taarifa zaidi ya 205,000, na karibu nusu hazikuwa na kosa lolote kwa sheria za Ujerumani. Ireland, shirika la haki za kiraia la ICCL lilichunguza takwimu za polisi za mwaka 2020: kati ya taarifa 4,192, zilizothibitishwa kuwa picha za unyanyasaji wa watoto zilikuwa kama moja kati ya tano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti Aprili 2024 kwamba polisi wa Marekani wamezidiwa na wingi wa taarifa, nyingi zikiwa na maelezo hafifu kiasi kwamba wanashindwa kujua ipi ifuatiliwe haraka. Katika rundo hilo kuna mtoto anayenyanyaswa leo, jina la mnyanyasaji limeandikwa, na hakuna aliyelifikia. Kuongeza rundo hakumletei mtoto huyo msaada.

Nyuma ya makosa ya mashine kuna watu. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alipiga picha ya sehemu ya siri ya mwanawe mdogo iliyokuwa imevimba, ili muuguzi na daktari waione kabla ya miadi ya mtandaoni. Daktari aliandika dawa, mtoto akapona. Lakini simu ya baba ilikuwa imezihifadhi picha hizo kwenye mtandao wa Google. Mfumo wa kampuni ukazitambua kama unyanyasaji, akaunti ikafungwa, polisi wakaarifiwa na kuomba kila kilichokuwamo humo. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa. Hata baada ya polisi kumsafisha, Google ilikataa kumrudishia akaunti, na akawa amepoteza barua pepe zake, namba yake ya simu na picha za miaka ya kwanza ya mwanawe. Kisa hicho kilitangazwa na gazeti la New York Times mwaka 2022. Baba huyu alikuwa na bahati ya kukutana na mpelelezi makini. Sheria haiwezi kutungwa kwa kutegemea kwamba kila mpelelezi atakuwa makini.

Kuna hatari nyingine ambayo wanasiasa huipita kwa haraka, nayo ni kwamba njia iliyojengwa kwa ajili ya mpelelezi halali haimbagui anayeipita. Ugiriki ilijifunza hilo kwa uchungu. Mitambo ya kampuni ya simu ya Vodafone nchini humo ilikuwa na uwezo wa kunasa mazungumzo kwa amri ya mahakama. Mwaka 2004 watu wasiojulikana waliuteka uwezo huo kimyakimya na kusikiliza simu zaidi ya 100, zikiwamo za Waziri Mkuu Kostas Karamanlis na mawaziri wake, hadi njama ilipogundulika mwaka 2005. Miaka 20 baadaye ikawa zamu ya Marekani. Wadukuzi wanaohusishwa na China, wanaojulikana kama Salt Typhoon, waliingia katika mitandao ya kampuni kubwa za simu na kufikia mifumo iliyowekwa kwa ajili ya unasaji halali wa mawasiliano. Desemba 2024 idara ya usalama wa mtandao ya serikali ya Marekani iliwashauri viongozi walio katika hatari kutumia programu zenye usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho. Wakati Washington inawahimiza watu wake wajikinge na kinga hiyo, mawaziri wa Ulaya walikuwa wakijadili namna ya kuitoboa.

Na mkaguzi wa ndani ya simu hajui anatafuta nini. Amepewa orodha ya alama, basi. Tarakimu zile zikiwa ni za picha ya mtoto anayenyanyaswa, atazikamata. Zikiwa ni za bango la maandamano, za katuni ya rais au za ukurasa wa kitabu kilichopigwa marufuku, atazikamata vilevile. Mtumiaji hawezi kuikagua orodha, kwa kuwa kuiweka wazi kungemaanisha kusambaza picha zenyewe au kuwapa wahalifu njia ya kukwepa. Kwa hiyo ulinzi pekee unaobaki ni ahadi ya serikali ya leo, ambayo haiifungi serikali ya kesho. Programu zilezile zinatumika duniani kote. Kampuni ikishaonyesha kwamba mfumo upo na unafanya kazi barani Ulaya, haitaweza kuiambia serikali nyingine yoyote kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwa msomaji anayeishi mbali na Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, hii ndiyo sababu kubwa ya kuufuatilia mjadala huu.

Ahadi zenyewe zimeanza kulegea kabla sheria haijapita. Kumbukumbu za mkutano wa mwaka 2022 zilizowekwa wazi baadaye zilionyesha Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ikiitaka Tume ifikirie kuutumia ukaguzi huo kwa makosa mengine pia, na kupatiwa data bila kuchujwa. Septemba 2023 Tume yenyewe, ikitafuta uungwaji mkono wa pendekezo lake, ililipia matangazo kwenye mtandao wa X yaliyowachagua watu kwa kuangalia misimamo yao ya kisiasa na ya kidini. Desemba 2024 msimamizi wa ulinzi wa data wa Umoja wa Ulaya aliamua kwamba jambo hilo lilivunja sheria. Ninaisikitikia habari hii zaidi ya nyingine nyingi. Taasisi iliyokuwa ikiwaomba watu waiamini na simu zao ilitumia taarifa zao binafsi, bila idhini yao, kuwashawishi waiamini.

Kisheria, ishara zimekuwa wazi kwa muda mrefu. Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifuta agizo lililozitaka kampuni kuhifadhi kumbukumbu za mawasiliano za watu wote, nani alimpigia nani na lini, kwa sababu lilimgusa kila mtu bila shaka yoyote juu yake. Hapo palizungumzwa kumbukumbu tu, yaliyomo kwenye mazungumzo hayakuguswa. Julai 2022 mamlaka za ulinzi wa data za Ulaya zilitoa maoni ya pamoja kwamba pendekezo la Tume lingeweza kuwa msingi wa ukaguzi wa jumla usiobagua. Mwaka 2023 hata wanasheria wa Baraza lenyewe walionya hivyo katika waraka wa ndani uliovuja.

Uamuzi unaonigusa zaidi ni wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya wa tarehe 13 Februari 2024, katika kesi ya Podchasov dhidi ya Urusi. Mwaka 2017 idara ya usalama ya Urusi, FSB, iliitaka Telegram itoe uwezo wa kusoma mazungumzo ya siri ya watumiaji sita walioshukiwa ugaidi. Telegram ilisema haiwezi kuwafungulia sita bila kudhoofisha ulinzi wa wote. Mahakama ilikubali, ikaona kwamba kudhoofisha usimbaji fiche kwa watumiaji wote si jambo la lazima katika jamii ya kidemokrasia. Tazama uzito wake: pale palikuwa na washukiwa sita wanaojulikana, wa kosa zito kabisa, na bado haikutosha. Pendekezo la Brussels halikuwa na mshukiwa hata mmoja.

Siasa zake zimekwenda mbele na nyuma. Ubelgiji mwaka 2024 ilijaribu njia ya idhini: mtumiaji angeombwa akubali kukaguliwa, na akikataa asiweze kutuma picha wala kiungo. Kukubali kwa namna hiyo si hiari. Meredith Whittaker, rais wa Signal, alisema programu yake ingeondoka Ulaya kuliko kujenga mfumo huo, na tarehe 20 Juni kura ikaondolewa kwenye ratiba. Denmark iliurudisha ulazima mwaka 2025 na kulenga kura ya tarehe 14 Oktoba. Siku chache kabla, Waziri wa Sheria wa Ujerumani, Stefanie Hubig, alitamka kwamba ukaguzi wa mazungumzo bila sababu lazima uwe mwiko katika dola la sheria. Bila Ujerumani kura hazikutosha. Mwisho wa Oktoba, Waziri Peter Hummelgaard wa Denmark akatangaza kuachana na ulazima, na tarehe 26 Novemba 2025 serikali zikakubaliana msimamo unaouacha ukaguzi kuwa wa hiari ya kampuni.

Uingereza nayo ilipitisha Sheria ya Usalama Mtandaoni Oktoba 2023, inayompa msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, uwezo wa kuagiza ukaguzi hata kwenye ujumbe binafsi. Serikali ilisema wakati huo kwamba uwezo huo hautatumika mpaka teknolojia inayofaa ipatikane. Kifungu bado kiko kwenye kitabu cha sheria. Februari 2025, baada ya vyombo vya habari kufichua amri ya siri iliyotaka njia ya kufikia data zilizosimbwa, Apple iliondoa ulinzi wake wa juu wa iCloud kwa watumiaji wa Uingereza.

Wengi walishangilia habari za Novemba kutoka Brussels. Mimi sikuweza kushangilia kwa moyo wote. Ukaguzi wa hiari ulianza kama ruhusa ya muda ya mwaka 2021, iliyoiweka kando kwa miaka mitatu sheria ya usiri wa mawasiliano, kisha ikaongezwa hadi Aprili 2026. Msimamo wa serikali unaifanya ruhusa hiyo kuwa ya kudumu. Hiari inayozungumzwa ni ya kampuni. Mwenye ujumbe haulizwi. Aidha, huduma itakayoonekana kuwa na hatari kubwa inapewa wajibu wa kupunguza hatari hiyo, na wanasheria wa kampuni watajiuliza ni hatua gani itamridhisha msimamizi. Wengi wao watajibu kwa kukagua. Maandishi hayohayo yanaitaka Tume irudi baadaye kutathmini kama ulazima unahitajika.

Sasa yule mtoto. Chama cha Ujerumani cha kuwalinda watoto, Kinderschutzbund, ambacho hakuna anayeweza kukituhumu kuwatetea wahalifu, kilipinga ukaguzi wa jumla wa mawasiliano binafsi yaliyosimbwa. Watoto nao wana haki ya kuzungumza bila kusikilizwa. Binti wa miaka 14 anayetaka kumweleza shangazi yake kinachofanyika nyumbani anahitaji mahali ambapo maneno yake hayatasomwa na mwingine. Kijana aliyetuma picha yake mwenyewe kwa mpenzi wake wa rika moja hastahili kuingia kwenye faili la polisi kama msambazaji wa uchafu.

Kazi ya polisi inayowaokoa watoto ipo na inaonekana. Mtandao wa Boystown, uliosambaza picha za unyanyasaji wa watoto na uliokuwa na akaunti zaidi ya 400,000, ulivunjwa mwaka 2021. Kidflix, mtandao mwingine wa aina hiyo wenye watumiaji wapatao milioni 1.8, ulifungwa Machi 2025. Yote mawili ilikuwa kazi ya wapelelezi walioshirikiana kuvuka mipaka na kuwafuatilia washukiwa kwa miezi na miaka. Hakuna simu ya raia mwema iliyopekuliwa kwa ajili hiyo. Lakini mwishoni mwa 2021 waandishi wa habari wa Ujerumani waligundua kwamba picha nyingi zilizokuwa zikisambazwa kupitia Boystown bado zilikuwa kwenye seva za kawaida za mtandao, kwa sababu polisi hawakuwa wameziomba kampuni zizifute. Waandishi wakaziandikia kampuni wenyewe. Nyingi zilifutwa ndani ya siku chache. Nashindwa kuelewa namna serikali inavyoweza kudai ruhusa ya kusoma ujumbe wa watu milioni 450 kwa jina la watoto hao, huku kazi ya barua pepe chache ikisubiri kufanywa na waandishi wa habari.

Fedha ambazo zingejenga mkaguzi wa ndani ya simu ziende kwa wapelelezi wa kutosha, kwa maofisa wa ustawi wa jamii, kwa simu za dharura zinazopokelewa usiku, kwa wanaosafisha picha kwenye seva. Programu zinazotumiwa na watoto ziwekwe tangu mwanzo ili mtu mzima asiyejulikana asiweze kuwaandikia. Anayeshukiwa apekuliwe, simu yake ichukuliwe kwa hati ya jaji, na afuatwe popote alipo.

Bunge la Ulaya limeshayaandika mengi ya haya. Kamati yake ya haki za kiraia ilipopiga kura tarehe 14 Novemba 2023, iliamua kwamba amri ya ukaguzi iwalenge watu au makundi yanayoshukiwa, itolewe na jaji, na mawasiliano yenye usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho yabaki nje. Wajumbe 51 waliunga mkono, wa kulia na wa kushoto, wawili wakapinga, mmoja hakupiga upande wowote. Huo ndio msimamo ambao Bunge linapaswa kukaa nao mezani mbele ya serikali, bila kuuza hata aya moja yake kwa kubadilishana na ukaguzi wa hiari wa kudumu.